Meza ya Dirishani na Timu ya Panzi

Jumatatu, 3 Juni

Mzee wa Lakiri, anayetia mihuri ya mizani, anastaafu Ijumaa. Hatimaye! Nimemtakia kila la heri kwa moyo mweupe, macho yangu yakiwa kwenye meza yake. Meza ile iko dirishani. Upepo unaingia, mwanga unaingia, na mtu unaona barabara yote na nani amechelewa kazini. Mimi mwaka wa kumi na moja huu niko kando ya mlango wa choo. Sisemi kwa mafumbo. Mgongo wa kiti changu unagusana na kitasa. Kila ajaye ananiuliza kama ndani kuna mtu. Mimi ni karani daraja la pili wa Ofisi ya Vipimo, nahakiki mizani ya nusu ya mji huu, lakini nikifa leo nitakumbukwa kama bwana wa choo.

Nimeandika barua ya kuomba meza. Kurasa tatu. Nafika kwa Bosi nakuta barua nyingine sita mbele yake, na ya juu kabisa ni ya shemeji! Shemeji huyu huyu aliyemuoa dada yangu, niliyemuombea kazi hapa kwa mdomo wangu mwenyewe, akawekwa kwenye ghala la mawe ya mizani. Nimemfuata hukohuko ghalani nikamuuliza nimemkosea nini. Akasema barua yake ni ya kuomba ruhusa ya kumpeleka mtoto kliniki. Haya. Lakini kwa nini aiweke juu ya yangu?

Jumatano, 5 Juni

Bosi amechoka na barua. Ni mama mtu mzima, hana haja ya kupaza sauti. Ametukusanya saa ya chai akasema mashindano ya mpira ya mataifa yanaanza Jumamosi, timu ziko kumi na sita, na sisi tuko kumi na sita tukimhesabu dereva na mlinzi wa getini. Kila mtu achote karatasi moja yenye jina la timu. Mwenye bingwa atahamia dirishani, na neno meza yeye hataki kulisikia tena mpaka naye astaafu.

Mlinzi wa getini naye yumo! Akishinda atakaa dirishani, geti alinde nani? Nimeuliza. Wameendelea kunywa chai.

Nimejitolea kuandika karatasi, maana mwandiko ninao. Vifaru wamechukua kombe hili mara tano na hata mtoto wa chekechea anajua watachukua la sita. Basi karatasi yao nimeikunja pembe kidogo, iwe kama sikio la mbuzi. Nikaketi nikisubiri zamu yangu kwa utulivu mkubwa. Mara Dada wa Mafaili akasema karatasi zimekunjwa ovyo. Mwanamke huyu anapanga kila kitu kilicho chini ya jua. Akazimwaga mezani, akazikunja upya zote kumi na sita, sawasawa kama sare za shule. Macho yake mabovu, barua anaisogeza hadi puani ndipo aisome, lakini pembe yangu aliiona!

Nimechota Panzi.

Panzi! Nchi ya visiwa vitatu, wananchi wake wote ukiwaingiza uwanjani viti vinabaki. Kipa ni mwoka mikate. Kocha anafundisha jiografia sekondari. Hata kuingia mashindanoni wameingia kwa sababu timu iliyowatoa ilichelewa kupeleka fomu. Na Vifaru kawachota nani? Shemeji! Shemeji ambaye aliuliza, mbele ya watu, kila timu ina wachezaji wangapi. Penye miti hapana wajenzi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemchukua shemeji kantini, nikamwagizia chai na maandazi mawili. Nilianza mbali. Undugu. Dada yangu. Siku niliyomleta hapa ofisini. Nilikuwa na hotuba ya dakika ishirini. Kwenye dakika ya pili akauliza kama ninachotaka ni ile karatasi. Nikasema, si kwamba nataka. Akaitoa mfukoni akanipa, akaendelea kula andazi.

Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. Mtu hatoi Vifaru kirahisi hivyo. Lazima mtu wa namna hii kesho atageuka, atasema alikuwa na njaa. Nikamrudisha ofisini mkukumkuku. Nimeandika mkataba: mimi Vifaru, yeye Panzi. Tumesaini. Nimeutia kwenye bahasha, nikaifunga kwa waya na kipande cha madini ya risasi, nikaibana kwa koleo la serikali lenye mhuri wa mwaka. Ni lakiri ileile tunayoweka kwenye mizani ya wenye maduka. Sheria yetu inajulikana. Kilichotiwa lakiri hakifunguliwi mpaka miezi kumi na miwili iishe, na anayeikata kabla ya hapo anakwenda mahakamani. Mimi peke yangu nimewapeleka watu saba, mmoja wao muuza nyanya.

Bosi aliigeuza bahasha huku na huku akauliza kama nina uhakika. Nikamjibu uhakika ndiyo kazi inayonilisha. Akaitundika msumarini, kando ya ubao wa matangazo.

Mke wangu anasema nimemdhulumu mtu mpole. Nimemwambia upole wake akautumie nyumbani kwake.

Jumatatu, 10 Juni

Vifaru wameshinda tano bila jana! Nilishangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Panzi walitoka sare tasa, mechi nzima wamejazana golini kwao kama watu wanaojikinga mvua. Shemeji na dada yangu walikuja kula mchana. Kipindi cha pili cha timu yake mwenyewe alilala, mdomo wazi, mtoto kamlalia kifuani.

Leo nimepima dirisha. Mita moja na sentimita ishirini kwa sentimita themanini. Nimetumia futi kamba ya ofisi, iliyohakikiwa. Nimempa mke wangu vipimo ashone pazia. Anasema kwanza nishinde. Huyu mwanamke hanipi moyo hata siku moja.

Jumatano, 19 Juni

Panzi wamevuka makundi. Sare, sare, na ushindi mmoja wa bao la kujifunga. Wamelingana na wenzao kila kitu, wakapitishwa kwa uchache wa kadi za njano. Kadi za njano! Yaani wamepewa tuzo ya adabu.

Linaloniudhi ni ofisi. Fundi Mizani timu yake ilitolewa mapema, sasa anavaa shati la kijani kila siku kwa sababu ndiyo rangi ya Panzi. Dada wa Mafaili amebandika picha ya kipa kwenye kabati la herufi K. Kila mwenye timu iliyotoka anahamia kwa Panzi. Nimewauliza wanawapendea nini watu wasiojua hata kupiga chenga. Fundi akasema wanajituma. Mimi miaka kumi na moja najituma kando ya choo, nani amebandika picha yangu?

Robo fainali ni Jumamosi. Vifaru na Panzi. Nimemwambia shemeji pole mapema. Akasema ahsante.

Jumamosi, 22 Juni

Panzi 1, Vifaru 0.

Nimeandika juu ili niamini. Vifaru wamepiga mashuti ishirini na matatu. Nimeyahesabu. Yule mwoka mikate ameyadaka, ameyapangua, moja amelitoa kwa goti, jingine lilimpiga usoni akaanguka na watu wakadhani amekwisha, akainuka akicheka. Dakika ya themanini na nane Panzi wakapata kona, ya kwanza na ya pekee. Mpira ukamgonga beki wa Vifaru mgongoni, ukaingia polepole kama mgeni asiyetaka kusumbua. Bao la mgongo! Refa akalikubali!

Mke wangu alishangilia. Ndani ya nyumba yangu.

Jumatatu, 24 Juni

Nimetulia, nimefikiri. Vifaru wametoka, lakini Panzi bado wamo. Na Panzi kwa asili ni wangu. Niliwachota mimi, kwa mkono huu. Nimekwenda ghalani nikamwambia shemeji kwamba dhamiri inanisumbua, sikumtendea haki, afadhali kila mtu arudishiwe chake. Akasema kama itanipa usingizi basi nichukue. Mtu wa ajabu sana huyu. Karibu nimkumbatie.

Tukaenda kwa Bosi. Bosi hakuinua hata kichwa. Akasema lakiri ni ya tarehe sita Juni, turudi tarehe sita Juni mwakani. Nikamwambia ni bahasha tu. Akanikumbusha kwamba muuza nyanya naye alisema ni mizani tu. Fundi Mizani akaenda kuleta koleo la kukatia. Akaniwekea mkononi mbele ya watu wote, akasema nikate, wao wataniletea chai mahabusu. Wakacheka! Watu wazima, watumishi wa umma!

Nimerudi kwenye kiti changu. Katika saa moja wamekuja tisa kuuliza kama ndani kuna mtu.

Jumanne, 25 Juni

Usiku nimepata wazo. Ukiwa na taaluma hukosi silaha. Haiwezekani mashuti ishirini na matatu yasiingie kwenye goli halali, kwa hesabu yoyote ile. Basi goli lile si halali! Sheria inasema upana ni mita saba na sentimita thelathini na mbili, na mpira usizidi gramu mia nne na hamsini. Nani amepima? Nani amehakiki? Lakiri iko wapi?

Nimewaandikia waandaaji wa mashindano. Karatasi ya ofisi, nembo juu, mhuri chini. Nimedai magoli ya viwanja vyote yapimwe, mpira upimwe, na robo fainali irudiwe. Nimeituma kwa kompyuta ya ofisi, Dada wa Mafaili alipotoka kunawa. Vifaru watarudi, watashinda, na bahasha yangu itabaki kama ilivyo.

Mke wangu ameuliza kwa nini natabasamu peke yangu. Sikumwambia. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Ijumaa, 28 Juni

Juzi Panzi walishinda nusu fainali kwa penalti. Sina la kusema juu ya penalti.

Leo jibu limekuja. Wameliandika kwa Bosi! Mimi ndiye niliyeuliza, wanamjibu Bosi! Kalisoma saa ya chai, neno kwa neno, kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka. Wanashukuru ofisi yetu kwa umakini wake. Wamepima magoli yote. Yote yako sawa, isipokuwa moja ambalo limezidi upana milimita mbili, nalo ndilo Vifaru walilokuwa wakilishambulia kipindi cha pili. Wanasikitika kwa upendeleo huo waliopewa Vifaru. Mechi haitarudiwa.

Fundi Mizani alicheka mpaka chai ikampalia. Shemeji peke yake hakucheka, alinisogezea sahani ya maandazi. Hilo limeniuma kuliko kicheko.

Nimepewa barua ya onyo kwa kutumia nembo ya ofisi kwa mambo yangu. Nimeisaini. Ina kosa la nukta kwenye mstari wa nne, lakini nimenyamaza. Ngoja wajue wenyewe.

Jumapili, 30 Juni

Fainali. Panzi na Nyati. Nyati ni wa mlinzi wa getini, Panzi ni wa shemeji. Mtu mzima nimekaa sebuleni kwangu najiuliza aibu ipi ni nafuu, kupitwa na mlinzi au kupitwa na shemeji. Shemeji alikuja na familia yake. Safari hii hakulala, alitaka kujua kuotea ni nini. Nimemweleza mara nne.

Nyati walitangulia. Panzi wakarudisha. Dakika za nyongeza, dakika ya mia moja na kumi na tisa, beki mmoja wa Panzi, kijana mfupi ambaye nimeambiwa anaendesha trekta, akapiga kutoka mbali kabisa. Mpira ukaenda ukaenda ukaenda. Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama. Nilijisikia nikipiga kelele, na nilipotazama nilikuwa nimemshika shemeji mabega nikimtikisa. Mguu ulikuwa umekufa ganzi, ndiyo maana.

Yule kipa alilia. Alikaa chini golini, glovu usoni, akalia kama mtu aliyefiwa, na nchi nzima ya visiwa vitatu ikamwangukia juu. Nami nilitoa leso. Halafu nikakumbuka dirisha, nikairudisha mfukoni.

Jumatatu, 1 Julai

Shemeji ndiye mwenye meza. Walimpigia makofi. Mlinzi wa getini alimpa mkono kwa uungwana, hata mimi nilishangaa.

Saa tano akaja kwenye kiti changu. Akasubiri aliyekuwa chooni atoke na aende zake, ndipo akasema, kwa sauti ya chini, kwamba meza nichukue mimi. Akasema mwaka ule alikuwa hana kazi, mtoto mgonjwa, ndugu zake wenyewe wamempa mgongo, mimi ndiye niliyemshika mkono na kumleta hapa. Hajasahau. Yeye dirisha la nini, ghalani amezoea. Meza ni haki yangu.

Sitaki kuficha, machozi yalinilengalenga. Miaka kumi na moja! Nikaliona dirisha, nikaona pazia limening'inia.

Nikamjibu: Hapana shemeji, hiyo ni yako.

Ni wazi kwamba nilimjibu hivyo. Mtu aliyelelewa hawezi kurukia kitu mara ya kwanza kama mwenye njaa. Mara ya kwanza unakataa. Mara ya pili unasema aa, unanisumbua bure. Mara ya tatu unakubali shingo upande, ili usimvunje moyo anayekupa. Hata mtoto mdogo anayepewa pipi anaujua utaratibu huu.

Shemeji akanitazama. Akauliza kama nasema kweli. Nikasema kweli kabisa. Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema amenielewa, akaondoka.

Nilisubiri mpaka saa kumi. Hakurudi. Bila shaka atakuja nyumbani jioni, mambo mazito hayasemwi mara mbili kazini. Nimemwambia mke wangu aongeze chakula.

Jumanne, 2 Julai

Hakuja. Tumekula wenyewe.

Na leo asubuhi nimemkuta nani dirishani? Dada wa Mafaili! Amekaa, mwanga umemwangukia kwenye karatasi, anasoma bila kuisogeza puani. Shemeji jana alikwenda kwa Bosi akaomba meza apewe mwanamke huyu, kwa kuwa kule chumba cha mafaili kuna giza na macho yanamwishia. Bosi ambaye hajawahi kumsifu mtu alimsifu. Dada wa Mafaili alilia. Fundi Mizani alivua kofia.

Nimemburuta shemeji kando nikamuuliza amefanya nini. Akasema alitaka kunipa mimi, lakini nilikataa, naye analiheshimu neno langu. Analiheshimu neno langu! Nani alimwambia aliheshimu? Niliposema kweli kabisa, hakuniona uso? Mtu amekula kwangu miaka sita na hajui kwamba hapana yangu ya kwanza si hapana!

Nimemweleza mke wangu nikitegemea kupozwa. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nilipompigia dada yangu simu kumlaumu kwa kuolewa na mwanamume asiyejua kubembeleza, naye akacheka, na nyuma yake nilimsikia shemeji akiuliza kuna nini.

Lawama zote nazirudisha kwa yule mwoka mikate. Angebaki kwenye tanuri lake, haya yote yasingetokea.

Jumatano, 3 Julai

Mungu si Athumani. Nafasi ya Dada wa Mafaili sasa iko wazi. Kile chumba kina kidirisha cha juu, kidogo, lakini kinafunguka. Kwa mtu mwenye macho mazima kama mimi mwanga unatosha. Kina mlango wake. Hakipakani na choo.

Saa nne Bosi alikuja mwenyewe mpaka kwenye kiti changu. Akasema onyo ni onyo, lakini miaka kumi na moja ni mingi, na akaniuliza kama ningependa kuhamia kule. Moyo ulinidunda mpaka nikadhani atausikia. Nikajikaza. Nikamwambia asijisumbue, mimi hapa nimeshazoea, nafasi ile ampe mwenye shida zaidi. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia kabisa. Akasema nina moyo mzuri kuliko alivyodhani.

Imekwenda vizuri sana. Hiyo ni mara ya kwanza.

Saa nane alipita tena mbele yangu, ameshika ufunguo wa chumba cha mafaili, shemeji anamfuata na kiti chake kichwani. Nilikaa wima, nikaandaa uso wa mtu anayelazimishwa. Wakapita. Ni wazi shemeji ameitwa kusafisha na kupanga kwanza, na kiti amekibeba ili apate kusimama juu yake kufuta buibui. Mara ya pili Bosi ataniuliza kesho, na ya tatu Ijumaa.